Posa Ilivyovuka Bahari

Wewe umewahi kumwona mama mtu mzima, mwenye wajukuu, ananuniwa na watoto aliowazaa mwenyewe kwa kosa la kupendwa? Kama hujawahi, keti nikupe habari za Bi Sitara, mshona mapazia wa Kariakoo. Yeye alinuniwa mpaka salamu zikawa zinapitia kwa wajukuu: "Mwambie bibi baba anamsalimu," na baba mwenyewe amesimama hapo hapo mlangoni na funguo za gari mkononi.

Bi Sitara alikuwa akikaa vyumba viwili vya uani, katika nyumba ya bati, moja ya zile chache zilizobaki mtaani kwao. Maghorofa yameizunguka kulia na kushoto hata jua linaiona saa sita tu, likipita. Kila asubuhi anafagia ua, anakunywa chai ya mchaichai na kiporo cha jana, kisha anatembea kwa miguu hadi Mchafukoge, kwenye duka la vitambaa la Mama Jasvanti. Pale nyuma ya majora ndipo ilipo cherehani yake. Mama Jasvanti anauza kitambaa, Bi Sitara anashona pazia. Walianza hivyo wote wawili nywele zao zikiwa nyeusi, na sasa mmoja anapaka hina, mwingine anajidai hazioni mvi zake.

Mumewe, marehemu Idrisa, alikuwa amekwenda zamani. Eda aliikaa, ikaisha, na miaka ikapita juu yake. Alimwachia watoto wawili. Mkubwa ni Hashimu, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, amejenga Goba, kwake kuna geti la kufunguka lenyewe. Mdogo ni Ummy, mwenye saluni Sinza, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake.

Sasa huyo aliyeleta maneno alikuwa Mzee Uledi, fundi wa kutengeneza cherehani wa mtaa wa Gerezani, mjane naye. Cherehani ya Bi Sitara ilianza kuruka mshono, akaitwa, akaja na kisanduku chake, akaitengeneza, akaenda. Wiki ya pili akaja tena bila kuitwa.

"Nimekuja kuitazama," akasema.

"Haiumwi," Bi Sitara akamjibu.

"Mashine ni kama mtu, Bi Sitara. Inatazamwa kabla haijaumwa."

Mama Jasvanti alikuwa mezani anapima kitambaa. Hakuinua hata kichwa. "Uledi, hapa dukani kwangu kuna cherehani tatu. Hizi mbili mbona huzitazami?"

"Hizo bado vijana, mama."

Wakacheka wote. Na Bi Sitara siku ile alishona utepe wa pazia upande wa mbele, ikabidi afumue. Ikawa hivyo kwa muda, Mzee Uledi anakuja, anatia mafuta pasipohitaji mafuta, anakaa kwenye kigoda, wanazungumza bei ya nazi na mafuriko ya Jangwani. Mpaka siku aliyosema lile alilokuja kusema, na Bi Sitara akamjibu kama anavyojibu mwanamke aliyelelewa: "Mimi nina watu wangu. Tuma wazee."

Wakaja wazee watatu, Ijumaa baada ya alasiri, kanzu zao zimepigwa pasi zikasimama, na halua kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa cha darizi. Hashimu alikuwa ameitwa aje kupokea wageni. Ndiyo desturi, mwanamke hapokei posa yake mwenyewe. Hukaa ndani, akayaacha masikio yake barazani.

Hashimu akawasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, ahsanteni kwa kufika. Lakini baba hayupo, mwozeshaji wa mama ni mimi, na mimi siozeshi. Mama yangu ana wajukuu. Hiyo halua mtaniwia radhi, rudini nayo."

Wazee wakatazamana, wakanyanyuka, wakavaa makubadhi yao, wakaenda. Hakuna aliyebisha. Hapa mjini mtoto wa kiume wa kwanza akishaota ndevu, nyumba nzima inamgeukia yeye. Anaulizwa ya dirisha, anaulizwa ya luku, anaulizwa ya arusi, mpaka watu wanasahau yapi yake na yapi si yake. Hashimu alizoea kuulizwa, na mama yake alizoea kumwachia.

Bi Sitara hakulia. Alikuwa na fungu la mchicha mbele yake na kisu mkononi. Akaukata, akaukata, mpaka ukawa laini kama majani ya chai.

Hashimu akaingia. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sitaki watu waseme. Unajua wakwe zangu walivyo. Mama mkwe wangu ana umri kama wako, anashinda na tasbihi."

"Nami ninayo tasbihi," akasema Bi Sitara. "Haijanizuia kushona."

Hapo ndipo kununiana kulipoanza.

Jumanne yake akaenda darsani. Wanawake wa mtaa ule wanasoma baada ya adhuhuri, na mwalimu wao ni Ustadha Maimuna, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Ulipofika wakati wa maswali Bi Sitara akanyoosha kidole.

"Ustadha, nina rafiki yangu."

Darsa zima likageuka kumtazama. Habari ya halua iliyorudi ilikuwa imekwishafika hadi Buguruni.

"Rafiki yako ana nini?" akauliza Ustadha Maimuna, na uso wake haukucheka hata kidogo.

"Ni mjane, ameposwa. Mwanawe wa kiume anasema yeye ndiye mwozeshaji, na amekataa. Rafiki yangu anauliza afanyeje."

"Kwanza mpe pole. Pili mwambie, kwa madhehebu yetu haya ya pwani, mtoto hamwozeshi mama yake kwa kuwa tu ni mtoto wake. Walii wa mwanamke ni baba yake. Kama hayupo, babu yake. Kama hayupo, kaka yake wa baba mmoja. Huyo rafiki yako hana kaka?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

"Unguja."

"Unguja ndiyo imekuwa Uchina?" akasema mama mmoja wa nyuma, na darsa likavunjika kwa kicheko. Bi Sitara naye akacheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Aliporudi nyumbani alipita katikati ya wamachinga kifua mbele, kama mtu aliyeibiwa kiatu akarudishiwa.

Kaka yake huyo anaitwa Sadalla. Aliondoka Dar kijana, akaenda Unguja kwa kazi ya uashi, akaoa huko, akawa mtu wa Muyuni, kusini. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache unaweza kujikwaa nayo. Bi Sitara akampigia simu.

"Kaka, nimeposwa."

Akasikia jogoo wa Muyuni anawika upande wa pili.

"Mambo hayo hayasemwi simuni," akasema Sadalla. "Njoo." Akakata.

Bi Sitara akabaki ameishika simu. Hakujua kama ile ni njoo ya heri au njoo ya shari. Sadalla alikuwa mtu wa kale. Mwenyewe alipofiwa na mke hakuoa tena. Angeweza kusema neno moja tu, hapana, na hapo pangekuwa hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Nao watoto walikuwa na mpango wao. Waliketi wakakubaliana kwamba mama amechoka, upweke umemwingia, na dawa ya upweke ni matembezi. Jumapili Hashimu akaja na Ummy, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya halua akazungumza na mama yake uso kwa uso.

"Mama, Jumamosi tunakupeleka Zanzibar. Boti ya asubuhi, nakodi gari, tunaenda Nungwi. Unaona bahari, unapunga upepo, jioni tumerudi."

"Nungwi siendi," akasema Bi Sitara. "Nitakwenda Kizimkazi."

"Kizimkazi kuna nini, mama?"

"Kuna bahari. Au ya huko imekauka?"

Ummy akadakia, "Mama, Nungwi ndiko kila mtu anapiga picha."

"Basi Kizimkazi hawatatubana. Na njiani tutampitia mjomba wenu Muyuni."

Hashimu akafikiri, uso ukamfunguka. "Mjomba Sadalla! Hata vizuri. Mjomba ndiye wa kukutia akilini."

"Haya," akasema Bi Sitara. "Akanitie."

Mama Jasvanti aliposikia habari za safari akamfungia chapati zake nyembamba za majani ya uwatu kwenye karatasi. "Sitara, sikiliza. Mimi mume wangu alipokufa, watoto walinipeleka Mombasa kupumzika. Niliporudi wameshagawana vyumba. Wewe nenda, lakini fumbua macho."

"Nimeyafumbua, mama. Ninakwenda safari yangu, wao wananilipia nauli tu."

Jumamosi wakavuka. Bahari ilikuwa shwari, aliyetapika ni Hashimu, mtoto wa bandarini. Bi Sitara akampa ndimu anuse, akamshika paji la uso kama alivyokuwa akimshika alipokuwa na surua, na kwa dakika kadhaa hawakuwa na ugomvi wowote. Wakateremka Malindi, bandari ya Unguja, wakapata gari lao la kukodi, dogo, jeupe, kiyoyozi chake kinatoa sauti ya mtu mwenye pumu. Ummy akatoa mfuko.

"Mama, nimekununulia." Miwani ya jua, na kofia ya pama yenye utepe wa zambarau.

"Hii navaa juu ya mtandio au chini yake?"

"Juu, mama. Utapendeza kama mtalii."

Bi Sitara akaivaa. Akajitazama kwenye kioo cha gari. "Najiona kama mganga aliyestaafu," akasema, lakini hakuivua, maana mtoto alikuwa amejigharimu.

Wakapita Mwanakwerekwe, wakapita Tunguu, miembe na minazi inarudi nyuma. Watoto walikuwa wametega maneno yao. Bi Sitara aliwajua tangu wakiwa wadogo: Hashimu akiwa na neno hukohoa, Ummy akiwa na neno husifia kitu kwanza.

"Mama, ngozi yako bado nzuri," akaanza Ummy.

"Sema, mwanangu."

"Nasema tu jamani. Ila mtu akifika umri wako, anatakiwa apumzike. Ukihamia kwa kaka Goba, una chumba chako, una choo chako ndani, televisheni hiyo hapo. Unatafuta nini kwa yule mzee? Kumfulia makanzu?"

"Umri wangu," akasema Bi Sitara, "unatosha kushona pazia jora zima kwa siku moja?"

"Ndiyo, lakini..."

"Unatosha kukaa na wanao kila mwisho wa wiki wakati wewe uko kwenye kitchen party?"

Ummy akatazama dirishani.

"Basi huo umri wenu ni wa namna gani," akaendelea mama yake, bila kupandisha sauti, "kwenye kazi mimi kijana, kwenye raha mimi bibi?"

Hashimu akakohoa. Lakini wakati ule walikuwa wameingia msitu wa Jozani, mbele kuna matuta, na kima wekundu wanavuka barabara mmoja mmoja, mama kabeba mtoto tumboni, ikabidi asimame. Mzee mmoja wa kima akaketi katikati ya lami akijikuna, hana haraka. Nyuma yao gari la watalii likasimama, simu zikatoka madirishani. Wakangoja. Kima yule alipoondoka, kikohozi cha Hashimu kilikuwa kimekwisha.

Muyuni wakamkuta Sadalla amesimama kando ya barabara, kanzu, kofia ya kiua, na mkononi madafu mawili yaliyofungwa kwa kamba ya kumbi. Amekonda, mrefu kama nguzo ya umeme.

"Shikamoo mjomba!" wakasema wote wawili.

"Marahaba. Wazima?" Akamtazama dada yake, akaitazama ile kofia ya pama. "Na wewe umekuwa nani?"

"Mtalii, kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Akaingia kiti cha mbele, magoti yakagusa dashibodi, madafu miguuni. "Endesha."

Hashimu akaona ndiyo nafasi. Akamweleza mjomba habari yote, kuanzia kigoda cha dukani mpaka halua, na alieleza vizuri, kama wakili. Bi Sitara nyuma akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga. Hakuwa ameomba kitu kwa kaka yake tangu walipozikwa wazazi wao.

"Anaswali?" akauliza Sadalla.

"Nani?"

"Huyo mposaji."

"Anaswali, mjomba. Msikitini wanamjua."

"Ana mke?"

"Alikufa."

"Mlevi? Mgomvi?"

"Hapana. Sijasikia."

"Sasa kasoro yake nini?"

Hashimu akasitasita. "Ni fundi cherehani, mjomba. Gerezani pale. Mikono oili tupu."

"Mimi mikono yangu saruji," akasema Sadalla. Gari likaiacha lami kubwa, likaelekea Kizimkazi. Ummy akamfinya kaka yake begani. Kutoka kiti cha nyuma Bi Sitara aliiona shingo tu ya ndugu yake, na shingo haisomeki.

Walipofika wakaacha gari chini ya mti wa mkungu. Kijana mmoja akawajia mbio na picha za pomboo zilizogandishwa plastiki. "Mama, karibu! Boti ipo! Pomboo wengi leo, unaogelea nao kabisa!"

"Baba, hao pomboo hawajanikosea," akasema Bi Sitara. "Waache wapumzike."

Wakapanda njia ya mawe, Ummy kavua viatu vya kisigino, Hashimu kashika mkono wa mama yake, na hata katika ugomvi mkono ule alikuwa anaushika kwa uangalifu. Ghafla miti ikaisha. Mbele yao hapakuwa na kitu ila ukingo wa jiwe la matumbawe, lenye meno meno, na chini yake bahari. Pale chini kabisa maji ni ya kijani kama chupa, unaona mpaka majani ya baharini yanavyolala upande mmoja. Mbele kidogo ni buluu, na kule mbali ni buluu nyingine, nzito, kama kitambaa kilichotiwa rangi mara mbili. Bi Sitara alitazama kwa jicho la mshonaji. Hakuwahi kuuza pazia la rangi ile. Upepo ukaichukua kofia ya pama, ikaruka, ikazunguka, ikaenda zake.

"Mama, kofia!" akalia Ummy.

"Iache. Nayo imekuja kutembea."

Palikuwa na wazungu wawili, mume na mke, wazee kupita wao wote. Mke alikuwa amesimama karibu na ukingo, mikono ameitandaza, mume anampiga picha, na kila akimaliza moja mke anadai nyingine. Walipomaliza wakashikana viuno wakaketi upande, wanakula ndizi. Ummy akawatazama, kisha akatazama chini.

Sadalla akachagua jiwe, akaketi, akatoa kisu, akaanza kufungua dafu. Hashimu akakohoa. Safari hii hakukuwa na kima wa kumzuia.

"Mama, tumekuleta hapa kwa mapenzi. Na kwa kuwa mjomba yupo, ni vizuri tumalize. Mimi na Ummy tunataka ahadi yako. Utuahidi hapa, mbele ya mjomba, kwamba habari za Mzee Uledi zimekwisha."

"Siahidi," akasema Bi Sitara.

"Mama!"

"Nimesema siahidi. Mmenileta kwenye jiwe zuri hivi ili nije nitupe kitu? Ningekuwa na cha kutupa ningekitupa pale Jangwani, mvua ikapeleka."

"Basi hata usipoahidi," sauti ya Hashimu ikapanda, "mwozeshaji ni mimi. Na mimi nimeshasema."

Kisu cha Sadalla kikasimama juu ya dafu.

"Nani kakwambia?"

"Nini, mjomba?"

"Kwamba wewe ndiye mwozeshaji. Kakufundisha nani?"

Hashimu akatazama huku na huku. "Si... mimi mtoto wa kiume. Baba hayupo."

"Baba yako alikuwa mumewe, hakuwa walii wake. Walii wake alikuwa baba yetu, na alipokufa ni mimi. Umewarudisha wazee wa watu na halua yao kwa mlango usio wako." Akasema hivyo kwa upole, kama anamwonyesha kibarua ukuta uliopinda. "Huna dhambi, hukujua. Lakini sasa umejua."

Uso wa Hashimu ukamwiva. Halafu, kama mtu anayezama, akashika tawi lililo karibu. "Sawa mjomba. Basi ni wewe. Mkatalie wewe."

Bi Sitara akaketi juu ya jiwe bila kuangalia kama lina ncha, na lilikuwa nayo. Neno moja tu la huyu mtu mrefu, na angerudi na boti ya jioni kwenye vyumba vyake viwili, kwenye jua la saa sita.

"Kwa nini nimkatalie?" akauliza Sadalla.

Hashimu akataka kusema ya wakwe. Akataka kusema ya watu. Akafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kingine kabisa, na kilitoka kwa sauti ya mtoto. "Pale ndiyo kwetu, mjomba. Mimi nikichoka na mambo ya bandarini, napita pale, nakuta mama, nakuta chai. Akiwepo mwanaume mwingine ndani, nitabisha hodi kwa nani mimi?"

"Kwa mama yako," akasema Bi Sitara. "Utabisha hodi kama mtu mzima, nami nitakufungulia. Mpaka sasa ulikuwa unaingia tu."

Ummy akaanza kulia taratibu, wanja ukamchirizika. Hakuna aliyejua analilia nini, labda na yeye mwenyewe hakujua. Akaenda akaketi karibu na mama yake, bega kwa bega.

Sadalla akamaliza kufungua dafu, akampa Hashimu. "Kunywa. Ulitapika." Kisha akapangusa kisu kwenye makumbi ya dafu. "Hashimu umesema. Ummy umesema kwa machozi yako. Yuko mtu mmoja hapa sijamsikia, na ndiye mwenye shughuli. Sitara."

"Naam kaka."

"Unasemaje?"

"Mlivyoona ninyi, kaka."

Ndilo neno alilofunzwa. Alilisema walipomwamulia shule aiachie darasa la saba, alilisema Idrisa alipotaka kuhamia vyumba vya uani, alilisema mpaka kwa wauza samaki waliomchagulia samaki. Lilikuja lenyewe mdomoni, kama shikamoo.

"Mimi sijaona kitu," akasema Sadalla. "Macho yangu yana mtoto wa jicho. Sikiliza, dada yangu. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo. Ulipoolewa na Idrisa mimi nilikuwa mlangoni, ulinyamaza, shangazi akapiga kigelegele, yakaisha. Mjane hanyamazi. Mjane husema kwa ulimi wake na walii akasikia kwa masikio yake. Ukisema humtaki, nami simtaki. Ukisema unamtaka, nakuja Dar na kanzu yangu, nakuozesha, na atakayenuna na anune. Ukinyamaza, tunakwenda kula samaki, kila mtu arudi kwake. Mimi nikikusemea, nitakuwa nimefanya kama Hashimu."

Bahari ikapiga jiwe chini yao, ikatulia, ikapiga tena. Hashimu alikuwa ameshika dafu kwa mikono miwili, hanywi. Wale wazungu waliona pana jambo, wakaacha kutafuna.

Bi Sitara akatafuta neno, akaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kusema mbele ya watoto kwamba mwili wako na moyo wako bado viko hai. Ummy akamnong'oneza, "Mama, si lazima..."

"Zamu yako umeimaliza, mwanangu," akasema, akamshika goti. Akavua ile miwani, akaiweka mkobani. Akanyanyuka. Akajifunga kanga kiunoni, fundo moja, fundo la pili. Na alipofungua kinywa, sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, maana ilibidi ishindane na upepo.

"Kaka Sadalla, namtaka Uledi. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenirubuni, namtaka mimi. Nataka mtu wa kumwambia alfajiri kwamba mgongo unaniuma, naye aniambie wake unauma zaidi. Nataka niolewe mchana, mlango wa mbele, watu wakiona, pilau ya ng'ombe, na watoto wangu hawa wawe wamekaa mbele. Na wasipokaa nitaolewa vilevile. Nimewaachia wengine waseme maisha yangu yote. Hili nasema mwenyewe. Niozeshe, kaka. Nataka."